Dumu la Maji kwa Wakwe

Jiwe lilidondoka kwenye chujio langu la chai siku ya Jumatano asubuhi, nikiwa nakoroga uji. Nilimsikia mume wangu akiguta huko chooni, kisha kimya, kisha akaanza kucheka peke yake. Nikauacha mwiko kwenye sufuria nikakimbia. Salvator alikuwa ameegemea ua wa nyasi, suruali iko magotini, jasho linamtiririka, chujio mkononi.

"Mama Emelyne," alisema, "njoo umwone huyu mshenzi."

Nikachungulia. Lilikuwa dogo kama punje ya mtama, la kahawia, lina ncha ncha pande zote. Sikucheka. Nilipandwa na hasira. Mwanaume anayebeba magogo mawili ya bani la kukaushia tumbaku kwa mpigo alikuwa amegaragara sakafuni akimwita marehemu mama yake, ametapika mpaka nyongo, amefungwa kwa khanga zangu kwenye baiskeli kutoka Katumba mpaka hospitali ya Mpanda, kumbe mwenye kufanya yote hayo ni huyu? Nilitaka kulitupa jikoni liungue. Salvator akanizuia, maana daktari alisema tulihifadhi. Nikalitia kwenye kiberiti kitupu, nikarudi kwenye uji, ambao ulikuwa umeshashika chini.

Chujio lilikuwa agizo la huyo daktari. Kwanza alimuuliza Salvator kwa siku anakunywa maji kiasi gani. Mume wangu akanigeukia mimi, kana kwamba maji ni shughuli ya wanawake. Ukweli ni kwamba msimu wa kukausha tumbaku wanaume wetu hawanywi maji. Moto wa bani hautakiwi kuzimika wala kuzidi, usiku na mchana mtu yuko pale anachochea, anaungua kama mhogo, na akisema ana kiu anapelekewa kibuyu cha pombe ya mtama.

"Nyie watu wa tumbaku," daktari alisema, "mnakausha majani na figo kwa pamoja."

Akampa masharti. Maji yaliyochemshwa, mengi, kutwa nzima, hata kama hana kiu. Pombe marufuku mpaka arudi kuangaliwa. Na kila akienda haja ndogo atumie chujio, kwa sababu ile picha ya figo waliyompiga haikuonyesha vizuri. Huenda nyuma ya jiwe la kwanza lilikuwepo jingine dogo.

"Tutajuaje?" niliuliza.

"Yeye mwenyewe atajua," daktari alijibu, na Salvator akafumba macho.

Yangekuwa maradhi ya mwili tu, tungeyamaliza nyumbani. Shida ni kwamba maumivu yalimwanza Salvator jioni ileile wakwe walipotuletea pombe ya posa. Binti yetu Emelyne alikuwa amechumbiwa na Dieudonne, mtoto wa Pacifique na Immaculata wa kijiji cha pili. Sisi tuliokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili tukaletwa hapa Katumba tuliacha vingi nyuma, lakini adabu ya pombe tulikuja nayo. Anayeitoa huvuta mrija wa kwanza yeye mwenyewe, watu wakimtazama, ndipo mgeni naye anavuta. Maana yake kila mtu anaijua na hakuna anayeitamka. Immaculata, aliyeipika, aliinama akavuta mbele yetu wote. Salvator akavuta baada yake. Jua halijazama, mume wangu yuko chini.

Aliyempeleka hospitali ni kaka yake mkubwa, Gaspar. Simnyimi haki yake, alisukuma ile baiskeli njia nzima bila kulalamika. Lakini mdomo wake hauna mlango. Kila aliyekutana naye akauliza mgonjwa ana nini, alijibu, "Amepewa kitu." Tuliporudi kutoka Mpanda maneno yalikuwa yameshatutangulia, tena yameongezwa chumvi. Sasa ilikuwa kwamba Immaculata hakuvuta, aligusisha midomo tu.

Miaka ile redio ilikuwa inaleta kutoka kwetu Burundi habari za majirani kuuana, na hapa Katumba kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake mara mbili. Neno sumu halikuhitaji kusukumwa, lilitembea lenyewe. Immaculata alikuwa anapika pombe ya kuuza. Watu wakaacha kukanyaga kwake.

Kwa hiyo jiwe lilipotoka mimi niliona tumepona wote. Nikamwita Gaspar aje alione kwa macho yake. Akaligeuzageuza kiganjani, akalisogeza kwenye mwanga, akatikisa kichwa.

"Na hili liliingiaje tumboni?"

"Limeota humohumo, shemeji. Daktari kasema."

"Jiwe halioti, shemeji. Mahindi ndiyo yanaota. Hili liliingia na kitu. Sasa niambie, liliingia na nini?"

Nilitamani kumtandika na mwiko. Nilimwitia ushahidi wangu, akaondoka nao ukiwa wake. Mpaka jioni kijiji kizima kilikuwa kimesikia kwamba jiwe la Immaculata limetoka.

Kesho yake Pacifique akatuma mtu. Ujumbe ulikuwa mfupi. Jumapili padri alikuwa asome tangazo la ndoa kwa mara ya pili. Kama ukoo wetu una neno juu ya mke wake, yeye atakwenda kwa padri kulifuta kabla ya misa, na Dieudonne atatafutiwa mchumba kwingine. Emelyne aliyasikia hayo akiwa anapepeta mtama. Hakulia. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, na chakula cha usiku hakukigusa. Mtoto wangu namjua. Angelia, mimi ningelala.

Salvator alikuwa bado dhaifu. Mkojo ulikuwa na wekundu kwa mbali, akitembea anashika ubavu, akiinuka kitandani inabidi angoje kwanza kizunguzungu kimwachie. Hata hivyo usiku ule alikata shauri.

"Jumamosi tunakwenda kwao. Mchana kweupe. Watu wanione naingia kwa Immaculata kwa miguu yangu na kutoka kwa miguu yangu. Na Gaspar anakwenda na sisi."

"Na pombe je?"

"Nitawaambia daktari kakataza. Ni watu wazima, wataelewa."

Kazi yangu mimi ilikuwa maji. Jumamosi niliamka mapema nikayachemsha, nikayapoza, nikajaza dumu la njano lile dogo. Nikalitia kwenye kikapu pamoja na chujio, nikafunika kwa kitenge. Sikuwa nafikiria kitu kingine zaidi ya figo za mume wangu. Mwanamke mwenye mgonjwa akili yake yote iko upande mmoja.

Tulitembea polepole, jua likatuchoma. Gaspar alitangulia, amevaa koti lake la kanisani, kimya kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Tulipofika nikaona uwanja umejaa. Pacifique alikuwa amewaita wazee wa kijiji chake na majirani, wamekaa kwenye viti na mikeka, na katikati mtungi wa pombe na mirija yake. Hatukuwa tumeambiwa.

Immaculata ni mama wa kicheko, kicheko chake unakisikia kabla hujamwona. Siku ile alikuwa amekonda usoni. "Amahoro," alitusalimu kwa Kirundi, akatupa mkono, na mkono wenyewe haukubana. Akaenda moja kwa moja kwenye mtungi, akainama, akavuta mrija muda mrefu mpaka mashavu yakaingia ndani. Akajifuta mdomo, akamwelekezea Salvator ule mrija.

Salvator hakuinuka.

"Mkwe, naomba unisamehe," alisema. "Daktari amenizuia pombe mpaka nirudi kwake."

Pacifique alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, asiyepandisha sauti. Hata pale hakuipandisha.

"Amekuzuia pombe, au amekuzuia pombe ya hapa?"

"Pombe yote, mkwe. Ya popote."

Sauti ya mume wangu ilikuwa imekauka. Nikamwona analamba midomo. Masikio yangu yalimsikia daktari tu: kutwa nzima, hata kama hana kiu. Na mimi Donatille, ninayesifiwa kwamba nina akili, nikafunua kikapu, nikatoa dumu, nikammiminia mume wangu maji kwenye kikombe mbele ya umati ule.

"Kunywa, baba Emelyne. Usikae na kiu."

Nilielewa nilichofanya pale macho ya Immaculata yalipotua kwenye dumu. Kwetu mtu anaweza kuja kwako na njaa, anaweza kuja na ugomvi, utampokea. Haji na maji yake. Anayebeba maji yake kwenda nyumbani kwa watu ameshasema kwamba huko wanaua, na hahitaji kuongeza neno. Gaspar alikohoa kidogo, akaegemea kiti chake kwa raha.

"Mama Emelyne," Immaculata aliuliza, "kwangu hakuna maji?"

"Haya... haya yamechemshwa, mkwe."

"Kwangu hakuna moto?"

Nikalifunika dumu kwa kitenge, kana kwamba bado kuna asiyeliona.

Pacifique akasimama. "Basi," alisema. "Tumesikia, na wazee wamesikia. Dieudonne, chukua baiskeli uende kwa padri."

Dieudonne alikuwa amesimama mlangoni kwa jiko. Alichukua baiskeli, akaishika usukani, lakini hakuisukuma. Alimtazama Salvator. Nilimwonea huruma kijana yule kuliko nilivyojionea mwenyewe.

Salvator aliinuka taratibu, mkono ubavuni. Akanipokonya kikombe, akayamwaga maji chini. Akachukua na dumu, akaligeuza, yakatoka yote niliyoyachemsha, yakatengeneza tope miguuni kwake.

"Mkwe," alimwambia Immaculata, "nina kiu. Nipe maji ya hapa kwako."

Immaculata aliingia ndani. Akarudi na kikombe cha bati kilichojaa, maji ya mtungini, yaliyotoka kisimani moja kwa moja. Tukangoja aonje. Alitakiwa aonje, watu wote tulikuwa tunaangalia midomo yake. Akasimama mbele ya Salvator ameshika kikombe kifuani.

"Nikionja mtasema nimegusisha midomo," alisema. "Leo sionji. Unakunywa, au hunywi."

Mume wangu akapokea, akanywa. Nilihesabu mafunda yakishuka mpaka nikapotea. Alipofika nusu akapumua, akakaa, akasema, "Ahsante, mkwe, maji matamu." Watu wakaanza kupumua. Mzee mmoja akajivutia mrija karibu. Pacifique alibaki amesimama, lakini mabega yalishuka, na Dieudonne akairudisha baiskeli ukutani. Nikasema moyoni, Mungu wangu, tumevuka.

Ndipo nikaona kidole gumba cha mguu wa Salvator kikijikunja ndani ya ndala.

Nilikijua kile kidole. Jioni ya kwanza kabla hajaanguka kilijikunja vilevile. Nikamtazama usoni. Alikuwa anamuuliza Pacifique habari za mahindi, anatabasamu, na jasho limejaa juu ya mdomo. Jiwe la pili lilikuwa limekuja, na halikupata siku nyingine ya kuja. Angeanguka pale na kikombe cha Immaculata mkononi, hakuna daktari wa Mpanda wala wa Dar es Salaam ambaye angetusaidia. Emelyne asingeolewa. Immaculata asingeuza tena hata kibuyu kimoja, na labda wangemfanyia baya zaidi. Katika miaka ile watu walichomewa nyumba kwa kosa dogo kuliko hilo. Nikawa natabasamu na mimi, meno yote nje, kama mjinga.

"Mvua zilichelewa," Pacifique alikuwa anasema, "lakini ya bondeni yamebeba."

"Yamebeba," Salvator alijibu. "Vizuri. Vizuri sana."

Kikombe kilianza kutetemeka. Akakiweka chini kwenye kigoda, maji yakiwa bado nusu. Gaspar akaona. Akaruka kutoka kitini.

"Mnamwona? Mnaona jasho linavyomtoka? Amekunywa sasa hivi mbele yenu!"

"Kaa chini, kaka," Salvator alisema kwa meno yaliyobana.

"Sikai! Wazee, mnaona?"

"Nimesema kaa chini! Ni jiwe. Daktari alisema lipo la pili, ndilo hili." Akanigeukia. Macho yalikuwa mekundu. "Mama Emelyne, chujio."

Nikalitoa kikapuni. Chujio la chai la plastiki, la kijani, lenye mpini uliokatika. Mume wangu akalipokea mbele ya wazee wa watu, akajikunja, akaelekea chooni nyuma ya nyumba kwa hatua fupi fupi. Hakuna aliyecheka.

Watu walikuwa wanakitazama kile kikombe kwenye kigoda. Hakuna aliyetaka kukaa nacho karibu. Jirani aliyekuwa pembeni yake alisogeza mkeka. Immaculata akaenda akakichukua. Akakiweka mdomoni akanywa yaliyobaki, yote, akakigeuza juu chini ili kila mtu aone hakuna tone. Kisha akaja akakaa kwenye mkeka pembeni yangu. Mkono wake ukautafuta wangu chini ya kitenge.

"Ana nini?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Jiwe la pili."

"Una hakika?"

Nilitaka kusema ninayo. "Sina," nikamwambia.

Akaubana mkono wangu zaidi. Tukakaa hivyo. Nyuma ya nyumba alisikika Salvator akiguna, kisha akilalamika, kisha sauti ambayo si ya mtu. Gaspar alitembea huku na huku uwanjani, na kila sauti ikitoka aliwatazama wazee kama anawaambia si mnasikia. Hakuna aliyegusa mrija. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa mpaka nikaanza kuamini. Nilimtazama mama yule aliyenishika mkono nikajiuliza, na kama Gaspar anasema kweli? Mawazo yale yalinitia aibu hapohapo, wala hayakuondoka.

Halafu kukawa kimya.

"Donatille!"

Salvator haniiti jina langu. Tangu tumzae Emelyne hajaniita. Immaculata akaniinua kwa kwapa, tukaenda wote wawili, karibu tunakimbia. Juu ya ua wa choo ulitokeza mkono wa mume wangu, umeshika chujio, unatikisika. Nyuma yake uso wake, wa kijivu, umelowa machozi, unacheka.

Ndani ya chujio, juu ya tone la damu, kulikuwa na kijiwe cheusi, kidogo kuliko cha kwanza.

Kabla sijanyoosha mkono, Immaculata alikuwa ameshalinyakua chujio. Alilishika hivyohivyo, na mkojo wake, akarudi uwanjani mbio, kitambaa cha kichwa kimedondoka. Akalipitisha kwa mzee mmoja mmoja kama sahani ya sadaka. "Tazama. Na wewe tazama. Vaa miwani, mzee, tazama vizuri. Limetoka kwenye choo changu. Limetolewa na maji yangu!" Wazee waliinama, wakachungulia, wakaguna. Mmoja aliomba kurudishiwa aone tena.

"Lakini," Gaspar alianza, "hilo jiwe si ndilo..."

"Kaka." Salvator alikuwa amefika, anajikokota, ameshika ukuta, lakini amesimama. "Maji hayawezi kugeuka jiwe kwa muda nilioongea habari za mahindi. Na yaliyobaki kanywa yeye. Inatosha."

Pacifique alilitazama chujio muda mrefu kuliko wote. Akalirudisha kwangu kwa mikono miwili, kwa heshima, kana kwamba ni kitu cha kanisani. "Dieudonne," alisema, "kwa padri usiende. Mpe mkwe wako kiti chenye mgongo."

Immaculata akanawa mikono. Akachukua mrija mpya ambao haujaguswa, akautumbukiza kwenye mtungi. Hakuuvuta. Akaugeuza mdomo wa mrija upande wa Gaspar.

"Karibu, shemeji," alisema. "Umesimama sana."

Uwanja wote ukamgeukia. Gaspar alimtazama mdogo wake, Salvator akaangalia pembeni. Gaspar akanitazama mimi. Nilikuwa na maneno mengi ya kumsaidia, nikayameza. Akavuta shingo ya koti, akainama mpaka kwenye mrija, na mimi nikasogea karibu ili niangalie koo lake, kama linashuka kweli au anagusisha midomo tu.

Lilishuka.

"Vuta tena, shemeji," nikamwambia.